Njia ya umeme ikipita shambani kwako: maswali yenu kuhusu fidia

Wathamini wamenipa fomu nisaini, lakini mikorosho yangu michanga haimo. Wanasema watarekebisha ofisini. (Msomaji, Kibaha)

Usisaini. Kama umeshasaini, andika barua leo kwa mthamini, nakala kwa mtendaji wa kijiji na mkuu wa wilaya, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Madai mengi ya fidia hupotelea shambani kabla hayajafika mahakamani: kisichoandikwa siku ya uthamini ni kazi ngumu kukithibitisha greda likishapita. Ipige picha miche yote, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo kama shahidi. Fomu itenganishe miti kwa umri. Mkorosho unaozaa na mche wa juzi havina bei moja. Mwenzi wako naye awepo, aone kila kinachoandikwa.

Mbali na thamani ya ardhi na nyumba, nadai nini? (Chalinze)

Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinakupa posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36, usafirishaji wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na kama una biashara, faida halisi ya mwezi mara 36. Hapo kwenye faida ndipo mama lishe na wenye vibanda wanapoumia, kwa kuwa hawana hesabu za kuonesha. Anza kutunza daftari la mauzo na risiti sasa. Kiwanja kisicho na mtu hakipati kodi ya pango, usafiri wala faida.

Tulithaminiwa zaidi ya miaka miwili iliyopita, hatujalipwa, na tumekatazwa hata kuezeka upya. (Wasomaji, Kilosa)

Huu ni uonevu, na sheria iko upande wenu. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ikichelewa, inadaiwa riba. Miaka miwili ikipita bila malipo, uthamini huo umekufa, na mna haki ya kuthaminiwa upya kwa bei za leo. Kwa hiyo ombeni kwa maandishi tarehe ya kuidhinishwa, maana kila kitu kinahesabiwa kuanzia hapo. Wakikaa kimya, toeni notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha Mahakama Kuu. Nendeni pamoja, gharama mgawane.

Nyaya zikipita juu, shamba linakuwa la shirika la umeme?

Si lazima. Ikiwa ni haki ya njia tu, yaani ruhusa ya kupitisha nyaya, shamba linabaki lako, ila nyumba na miti mirefu haviruhusiwi ndani ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi ambamo nyaya zinapita. Waulize kwa barua: mnatwaa ardhi au mnapitisha njia? Fidia zake hazilingani.

Na kaburi la babu?

Sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi inagharamia kufukua, kusafirisha, kuzika upya, hata matambiko. Waoneshe wathamini makaburi yote, hasa yasiyojengewa.