Kichupa Kinachoonekana Kitupu: Ushauri kwa Anayeanza Kutumia Interlukini-2

Siku nilipopokea kwa mara ya kwanza kichupa cha interlukini-2 ya binadamu, protini inayochochea seli za kinga kukua, ambayo maabarani tumezoea kuiita IL-2, nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha nikadhani tumetumiwa kichupa kitupu. Lebo ilisema mikrogramu 50. Protini ya kiasi hicho, ikishagandishwa na kukaushwa, huwa utando mwembamba kama ukungu kwenye kioo, na mara nyingine hata utando huo hauonekani. Nikakifungua papo hapo ili nichungulie, bila kufahamu kwamba mtikisiko wa safari huweza kurusha sehemu ya unga hadi kwenye kifuniko. Kisha nikauyeyusha unga kwa bafa ya chumvi peke yake, yaani maji ya chumvi yasiyobadilika asidi kirahisi, nikakitikisa kwa nguvu kwenye mashine ya kuchanganyia, na kukirudisha kwenye friji bila kukigawa. Wiki chache baadaye seli T, yaani seli za kinga za damu, nilizokuwa nikizikuza zilianza kusinyaa na kufa. Nililaumu seramu, nikalaumu na inkyubeta, kabla ya kukubali kwamba kosa lilitokea katika nusu saa ile ya kwanza.

Protini hii ni ndogo, ina amino asidi 133 tu na uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) zipatazo 15,500. Ilielezwa mwaka 1976 kama kichocheo cha kukuza seli T, na mwaka 1983 kundi la Tadatsugu Taniguchi nchini Japani likachapisha jeni yake, jambo lililofungua njia ya kuizalisha kwa wingi ndani ya bakteria wa E. koli. Tabia yake inayotusumbua maabarani ni kwamba haipendi maji: ikiwa nyepesi mno katika bafa tupu hujibandika kwenye kuta za plastiki, na ikitikiswa hadi ikatoa povu huharibika. Ndiyo maana bidhaa nyingi huelekezwa kuyeyushwa kwanza katika asidi ya asetiki iliyozimuliwa, pamoja na albumini kidogo, protini ya damu ambayo hutangulia kuzishika kuta hizo ili IL-2 ibaki ndani ya maji.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kifuniko, kizungushe kichupa kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha vitu kwa kasi, kwa muda mfupi ili unga wote ushuke chini. Acha kifikie joto la chumba, kwa sababu kikifunguliwa kikiwa baridi kitavuta unyevu wa hewa, na sisi wa mwambao tunaujua unyevu wetu. Ongeza kimiminika polepole kikiteremka kwenye ukuta wa kichupa, ukiinamishe kichupa na kukizungusha kwa mkono kwa utaratibu, kisha ukiache kitulie dakika kadhaa.

Hesabu ndiyo inayowatisha wengi, ilhali ndiyo inayookoa fedha. Chukua mfano wa protini yenye nguvu ya yuniti za kimataifa milioni 16 kwa miligramu. Thibitisha namba halisi kwenye cheti cha bechi yako (toleo la uzalishaji), maana hutofautiana. Mikrogramu 50 zitakuwa na yuniti 800,000. Ukiziyeyusha katika mikrolita 500 na kugawa mikrolita 10 kwa kila mrija, utapata mirija 50 yenye yuniti 16,000 kila mmoja, na mrija mmoja utatosheleza mililita 320 za chakula cha seli kwa kiwango cha yuniti 50 kwa mililita. Kichupa kile nilichodhani kitupu kingelisha seli kwa lita 16. Mirija hiyo igandishwe mara moja, na kila mmoja uyeyushwe mara moja tu. Hapo hata umeme ukikatika usiku huna sababu ya kufungua na kufunga akiba yote.

Unapoagiza, uliza kama protini imechanganywa na albumini au haina. Yenye albumini inafaa kwa kukuza seli, lakini kwa kupima kingamwili au kuambatisha rangi, albumini hiyo itakuvurugia kazi. Uliza pia kiwango cha endotoksini, sumu itokayo kwenye ganda la bakteria, kwani IL-2 huzalishwa ndani ya bakteria, na mabaki ya sumu hiyo huamsha seli za kinga yakakupa jibu la uongo. Na nalisema hili kwa uzito wote: kichupa kilichoandikwa kwamba ni cha utafiti tu kisiingie kamwe katika mwili wa mtu, hata kama jina lake linafanana na la dawa ya hospitali.

Bechi mpya ikifika, usiiamini kwa sababu ya cheti peke yake. Ijaribu sambamba na ile ya zamani, kwa seli zilezile, siku ileile, na uweke kisima kimoja (kitundu cha sahani ya kukuzia seli) kisicho na IL-2 kabisa. Katika friza yetu kuna kisanduku chenye mirija mitatu ya bechi iliyotangulia, yenye vifuniko vyekundu, nayo haiguswi na mtu hadi siku mzigo mpya utakapofika.