Jedwali si mahali pa sindimba

Msimu wa korosho ukifika, vyama vya msingi huleta taarifa zao tuzipange kwa ajili ya kuchapwa, nanyi wadogo zangu wa fildi mnaanza yale yale: Ctrl+A, namba zote kuwa Old-style, yaani za kizamani, "bosi, nimemaliza." Hujamaliza.

1. Namba za kizamani ni za ndani ya sentensi. 0, 1 na 2 zina kimo cha herufi ndogo x. 6 na 8 hupanda. 3, 4, 5, 7 na 9 huning'inia chini ya mstari. Kwa hiyo "1964" hutulia katikati ya aya badala ya kusimama kama mlingoti wa dau pale Mikindani.

2. Weka kwenye staili, yaani mpangilio wa maandishi uliohifadhiwa kwa jina. Kwenye Word rekebisha Normal, staili ya msingi: Format, Font, Advanced, Number forms. Tanbihi na yaliyomo vikiwa vimejengwa juu ya Normal vitafuata vyenyewe. Kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, iko ndani ya Paragraph Styles, OpenType Features, Figure Style. Fonti isiyo nazo haitabadilika hata ubonyeze mpaka magharibi.

3. Jedwali. Hapa sote tumeaibika, na aibu inatokana na kipengele cha 2 hapo juu: maneno ya jedwali nayo kwa kawaida ni Normal, kwa hiyo yanaambukizwa kimyakimya. Tazama safu ya kilo: kijiji kimoja 11,111, cha pili 8,906. Umepanga kulia, unajiona salama. Lakini katika fonti nyingi za namna hii kila tarakimu ina upana wake, 1 nyembamba, 0 pana. Mamoja yanakaa sawa, makumi yanayumba, maelfu kila moja na kitongoji chake. 11,111 inaweza kutoka fupi kuliko 8,906, na mjumbe wa bodi hasomi tarakimu mojamoja, anapima urefu kwa jicho. Vimo navyo vinapanda na kushuka, jedwali zima linacheza sindimba. Ukiwa umebana kimo cha mistari kwa Exactly, mkia wa 9 unaweza kukatwa.

Kisha linakuja kosa juu ya kosa: kijana anasukuma namba kwa spesi. Mbili hapa, tatu pale, nusu saa. Mhasibu anabadilisha kilo za kijiji kimoja, yote yanamwagika. Jamani, tengeneza staili ya pekee ya jedwali: Number forms iwe Lining (tarakimu zote kimo kimoja), Number spacing iwe Tabular (zote upana mmoja), zipangwe kulia. Kwenye InDesign ni Tabular Lining. Dakika moja.

4. Kichwa cha herufi kubwa, "MKUTANO MKUU 2024", kinataka Lining. Vinginevyo mwaka unazama. Namba za simu na za akaunti vilevile: 0 ya kizamani ni o tupu, na katika baadhi ya fonti 1 ni I iliyofupishwa.

Kabla ya kupeleka mashineni, chapa ukurasa wa jedwali, simamisha rula kwenye safu ya maelfu. Ikikata tarakimu hata moja, rudi kwenye staili. Usiguse spesi.