Maswali kwa Fundi: Taa yangu inawaka kama koroboi, nibadilishe globu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya zamani niliachiwa na mjomba, injini iko fresh kabisa ila taa ya mbele ndo balaa, usiku naona tairi langu na kidogo mbele yake basi. Nikisimama injini ikinguruma tu taa inafifia inakuwa nyekundu-nyekundu, nikipiga resi inachangamka. Globu iliyomo imeandikwa 12V 35/35W. Rafiki yangu anasema niweke ya wati 100 mambo yaishe, mwingine anasema LED. Nifuate ya nani?

JIBU: Marahaba kijana, na hongera kwa kutunza mali ya mjomba. Huyo rafiki wa wati 100 endelea kumpenda ila kwa hili usimsikilize, maana mimi mwenyewe enzi za ujana niliisikiliza akili kama hiyo, nikafunga wati 100, wiki haikuisha nikasikia harufu, kufungua nakuta holda ya globu imeyeyuka na rifleta (lile bakuli linalong'aa nyuma ya globu) imepata kovu jeusi. Pesa ya globu, pesa ya holda, pesa ya taa nzima.

Kabla ya globu niambie kwanza umeme wa taa yako unatoka wapi. Jaribu hivi, washa ufunguo bila kuwasha injini halafu washa taa. Kama honi inalia na indiketa zinafanya kazi lakini taa kubwa haiwaki mpaka injini igurume, na ukipiga resi inang'aa ukiachia inalala (kama unavyoeleza wewe), basi karibu hakika taa yako hailishwi na betri, inalishwa moja kwa moja na koili iliyoko kwenye sumaku ya injini. Pikipiki ndogo nyingi za zamani ndo zilivyo. Sasa koili ile ina nguvu yake iliyopimwa, ilisukwa kulisha hizo wati 35 na taa ya nyuma, ukiiletea mlaji mkubwa haiongezi chakula, wote wanashinda njaa. Watu wanashangaa sana, mtu kafunga globu kubwa na taa imezidi kufifia, anarudi dukani kugombana na muuzaji bure.

Halafu hiyo 35/35 yako (wati za fulu na za dimu) yaweza kuwa ile wanayoiita HS1, ambayo kwa macho ni kama pacha wa H4 ya 60/55 ila masikio yake ya chuma hayako sawasawa. Kuna mafundi wanachukua tupa wanakwangua masikio H4 inaingia, wanakuambia tayari. Imeingia ndiyo, lakini 35 inakula karibu ampea 3 na 60 inakula 5, kwenye waya uleule mwembamba na swichi ileile ya miaka mingi.

Na hapa ndo penye utamu wenyewe, waya na swichi. Globu ya halojeni haina mzaha na voti, ikipungukiwa asilimia 10 tu mwanga unapungua karibu asilimia 30, yani ilitakiwa ipate voti 13 ikapata 11.7 umeshapoteza karibu theluthi ya mwanga na globu haina kosa lolote. Hizo voti zinaliwa njiani, kwenye swichi ya dimu na fulu iliyojaa kutu ya kijani, kwenye plagi zilizolegea, na zaidi ya vyote kwenye waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha pikipiki), ambao watu hawauangalii kabisa kwa sababu eti ni ethi tu. Azima mita ya kupimia umeme kwa mtu. Taa ikiwa inawaka, gusa pini ya ethi ya globu na upande wa pili gusa chuma kitupu cha injini, soma (kama taa ni ya koili weka mita kwenye AC, yani umeme unaogeuka-geuka, kama ni ya betri weka DC, ule wa upande mmoja). Ikisoma karibu na sifuri ethi yako nzima, ikisoma nusu voti au zaidi umeshamkamata mwizi, kwangua kutu, kaza bolti, ikibidi vuta waya mpya wa ethi kutoka kwenye taa hadi kwenye injini. Swichi ifungue, isafishe kwa dawa ya kusafishia kontakti, usiijaze grisi. Nimeona pikipiki zikirudi kuwa na taa nzuri tu kwa kazi hii ya nusu saa na msasa.

Pia chungulia ndani ya taa. Rifleta ikishachujuka, ikawa ya kijivu badala ya kung'aa kama kioo, hakuna globu duniani itakayokusaidia, tafuta taa nyingine nzima. Na zile globu zilizopakwa bluu achana nazo, rangi ile inazuia mwanga, zinapendeza kwenye picha tu.

Kwa wenye taa inayolishwa na betri mambo ni rahisi zaidi, hao ndo wanaweza kufikiria H4 ya 60/55 kama taa imetengenezwa kwa H4 na chaji inatosha. Weka relei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo zikapitisha mkubwa), ya dimu na ya fulu, vuta waya mnene kutoka betri ukipitia kwenye fyuzi, swichi ya zamani ibaki kazi yake ni kuamrisha relei tu. Pima betri taa ikiwaka na injini ikiwa resi ya kawaida, ikibaki juu ya voti 13 sawa, ikishuka 12 na kitu maana yake unakula akiba na siku moja asubuhi utasukuma.

LED? Inakula kidogo, hilo kweli, na kwa mwenye koili dhaifu inavutia. Lakini nyingi zinataka DC, ukiifunga kwenye AC ya koili inapepesa au inakufa, kwa hiyo ama upate iliyoandikwa AC/DC ama fundi umeme abadilishe mfumo wako upitie betri. Vipande vya mwanga visipokaa palepale ilipokuwa nyuzi ya globu ya zamani, mwanga unatawanyika, wewe unaona kweupe puani na anayekuja mbele yako haoni kitu. Feni yake pia huwa haiingii ndani ya kifuniko cha mpira, wakikitoboa maji yanaingia. Na nchi nyingi haziruhusu barabarani LED ndani ya taa ya halojeni kama haijaidhinishwa, ulizia kwanza.

Wewe anza na ethi na swichi, halafu nunua 35/35 mpya yenye jina, kioo chake usikishike kwa vidole maana mafuta ya ngozi yanakiunguza. Ukimaliza kaa juu ya pikipiki, elekeza ukutani mita 10, mstari wa juu wa dimu uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa.

SWALI: Fundi, mimi yangu inaunguza globu kila baada ya siku chache, tena nikikimbia. Nimebadilisha aina tatu.

JIBU: Acha kununua globu ndugu yangu. Regyuleta (kifaa kinachozuia voti zisipande mno) imekufa au ethi yake imekatika, ukiongeza resi voti zinapanda bila wa kuzizuia. Anzia na ethi ya regyuleta, mara nyingi ni bolti moja tu yenye kutu.