Chaza, Kombe na Metali Nzito: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Barua kadhaa za mwezi huu zinahusu wataalamu wanaochukua chaza na kombe ufukweni na kuwapeleka maabara ili wajue kama bahari ina metali nzito zenye sumu kama risasi, zebaki au kadimiamu. Nimechagua nne.

Mkazi wa Sahare anauliza: Ikiwa uchafu umo majini, mbona yasipimwe maji yenyewe?

Maji hupimwa, ila hayakai mahali pamoja. Chupa iliyojazwa asubuhi, bahari ikiwa imejaa, haina habari ya kilichomwagwa usiku wakati wa kupwa. Isitoshe, risasi iliyomo katika lita moja ya maji ya bahari kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo vumbi la mikononi mwa mchukuaji linatosha kuharibu kipimo. Chaza amejishikiza mwambani na hahami; huvuta maji mchana na usiku, akichuja chakula kwa matamvua yake, na metali inayoingia pamoja na chakula hicho hushikwa na protini za mwilini na kutoka polepole sana. Mnofu wake, basi, hubeba hesabu ya wiki na miezi. Samaki hatufai sana kwa kazi hii, kwa sababu changu aliyevuliwa leo mbele ya Chongoleani huenda wiki iliyopita alikuwa akila kwingine kabisa.

Mwanakemia wa Marekani, Edward Goldberg, alipendekeza mwaka 1975 kwamba pwani za dunia nzima zichunguzwe kwa kutumia kome, ndugu wa chaza, na tangu 1986 nchi yake imekuwa na mpango wa taifa wa namna hiyo, unaotumia kome na chaza.

Mama mmoja wa Chongoleani anauliza: Sisi huchokoa kombe kila bamvua. Nikiwaosha vizuri na kuwachemsha, sumu hiyo si itatoka?

Hapana, mama. Moto huua vijidudu, na kuwaloweka kombe katika maji safi ya bahari huwafanya wateme mchanga, lakini metali haiungui wala haiozi. Kadimiamu iliyokwisha kushikwa mwilini huchukua miezi kupungua, hata kombe akihamishiwa maji safi. Yaliyotokea Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, yaliwapata watu waliokula samaki na kombe kama kawaida yao. Sisemi haya ili uache kitoweo chako. Ninachoshauri ni kuchagua mahali, yaani kukaa mbali na midomo ya mifereji ya viwanda na ya mji, na mbali na sehemu zinazokwanguliwa rangi za vyombo.

Mwanafunzi wa chuo anauliza: Nimesoma kwamba chaza fulani walikuwa na kadimiamu miligramu 4 kwa kilo, na kikomo cha Ulaya ni miligramu 1. Je, tuna hatari?

Kabla ya kuogopa, uliza kilo ya nini. Watafiti wengi huukausha mnofu kwanza ndipo waupime, ilhali kikomo cha chakula huhesabiwa kwa mnofu mbichi. Kwa kuwa karibu asilimia 80 ya mnofu wa chaza ni maji, miligramu 4 za mnofu mkavu ni kama miligramu 0.8 tu za mnofu mbichi, nayo iko chini ya kikomo. Nimeona kosa hili likizua taharuki zaidi ya mara moja, na lawama zangu ni kwa waandishi wa ripoti wasiotaja kipimo chao.

Kosa la pili ni kulinganisha wasiolingana. Chaza hulimbikiza zinki kwa asili yake, mamia na hata maelfu ya miligramu kwa kilo ya mnofu mkavu, ambapo kome huidhibiti. Ukiweka namba zao mbili pamoja utadhani chaza ametoka kiwandani. Hata ndani ya aina moja, mkubwa hafanani na mdogo, na aliyekwisha kutaga amekonda, hivyo metali ileile huonekana imezidi. Wakati wa masika, mito ya Sigi na Mkulumuzi inapoleta tope na maji yasiyo na chumvi, chaza hufunga magamba yake na kupunguza kula. Aliyechukua sampuli mwezi Aprili asilinganishe na za Septemba.

Mvuvi anauliza: Karibu na mfereji wetu hakuna chaza hata mmoja. Mtapima nini?

Huchukuliwa chaza wa ukubwa mmoja kutoka mahali safi, baadhi hupimwa siku hiyohiyo, na waliobaki hutundikwa ndani ya vifuko vya wavu karibu na mfereji kwa wiki kadhaa, kisha nao hupimwa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo iliyoingia hapo. Tunachowaomba wavuvi ni kutokata kamba za vifuko hivyo, na kutowala waliomo.