Kuimba, kutunga au kufundisha: nilivyozipita njia zote tatu

Mdogo wangu, umesema una miaka 24, unaimba kwaya, una daftari lililojaa nyimbo ulizotunga, na unataka kuishi kwa sauti yako. Unauliza uanze kama mwimbaji, mtunzi au mwalimu wa sauti. Waliotangulia kukujibu wamekwambia uchague kimoja. Mimi sikuchagua. Kila kimoja kilinisukuma kwenye kingine, na cha tatu nilikipata kwa sababu cha kwanza kilinikatalia.

Nilianza kama mwitikiaji kwenye bendi, yaani mwenye kuitikia nyuma ya mwimbaji kiongozi, na wewe ningependa uanzie hapo hapo. Mwitikiaji hufunzwa masikio kabla ya koo: irabu yako ifanane na ya mwenzako, mvute pumzi pamoja, mkate neno pamoja. Baada ya miaka minne nikapewa wimbo mmoja wa kuongoza, kisha mitatu, kisha usiku mzima. Nikakosea papo hapo. Mwimbaji niliyechukua nafasi yake alikuwa na sauti ya juu kuliko yangu, na nyimbo zote zilikuwa kwenye ufunguo wake, yaani kimo cha noti kinachoifaa sauti yake. Niliona aibu kumwomba mpiga gitaa ashushe. Nikawa napambana na ngoma kwa muda wa saa nne kila usiku, usiku tano kwa wiki, huku spika ya kujisikia haitoi kitu.

Dalili ya kwanza haikuwa maumivu. Niliweza kupaza kwa nguvu, ila nikijaribu kuimba juu kwa sauti ndogo, ilikuwa inatoka hewa tupu. Shika sana hilo, maana wengi hungoja mpaka koo liume. Mimi nilihangaika na kila kinywaji nilichoelekezwa, bila kujua kwamba kinywaji hakigusi nyuzi za sauti. Chenyewe kinapita njia ya chakula, nyuzi zimo kwenye njia ya hewa. Maji husaidia, lakini ni mpaka yazunguke mwilini kwanza.

Daktari wa masikio, pua na koo aliingiza kamera ndogo akanionyesha vinundu, yaani vivimbe vidogo, viwili vinavyotazamana kwenye nyuzi za sauti, kimoja kila upande. Nyuzi zenyewe ni fupi mno, milimita 15 hivi. Ukiimba ile noti ya La ambayo bendi huitumia kulinganisha vyombo, zinakutana mara 440 kwa sekunde moja. Zidisha kwa saa nne. Sikufanyiwa upasuaji; nilipewa mapumziko, kisha miezi ya mazoezi na mtaalamu wa tiba ya sauti.

Miezi hiyo ndiyo iliyonifanya mtunzi. Nilikuwa siwezi kuimba nilichoandika, kwa hiyo nikaanza kuandikia koo za wengine. Ukimwandikia mtu, usimwekee noti ya juu kabisa kwenye irabu i au u kama anataka kuifungua sauti, mpe a. Na Kiswahili kina mkazo wake, muziki hauna ruhusa ya kuuhamisha ovyo. Imba "barabara" ukikaza silabi ya tatu, msikilizaji anaiona njia ya magari. Kaza ya pili, anasikia "sawasawa". Nimewahi kubadili mstari mzima wa muziki kwa ajili ya silabi moja, na sijutii.

Wimbo wangu wa kwanza kurekodiwa na mtu mwingine ulipendwa sana. Jina langu halikuwemo. Prodyuza aliniambia tungeandikishana baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Iliniuma kuliko vinundu. Tangu siku hiyo sitoki studio bila karatasi moja yenye majina yetu, asilimia ya kila mmoja, tarehe na sahihi. Kumbuka pia kwamba wimbo una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na muziki, na ya ile rekodi yenyewe. Unaweza kumwachia mtu rekodi ukabaki na utunzi wako, na mirabaha, yaani malipo ya kazi yako kutumiwa, ikaendelea kukujia kila unapoimbwa na mwingine. Watu walipigania hili. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikuwa kwenye mkahawa mmoja jijini Paris, akasikia kazi yake ikipigwa bila yeye kulipwa, naye akakataa kulipa bili yake, jambo likafika mahakamani. Kesi ile ndiyo iliyozaa SACEM, chama cha kukusanya mirabaha, mwaka 1851.

Kufundisha kulikuja mwisho. Yule mtaalamu aliyenitibu alinisimulia habari za Manuel García, aliyeacha jukwaa la opera akiwa kijana akawa mwalimu. Mwaka 1841 mwimbaji Jenny Lind alimfuata sauti ikiwa imechakaa, naye jambo la kwanza akamwamuru anyamaze kwa wiki kadhaa. Mwaka 1854 García akatumia vioo kutazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Nilipenda kwamba kwanza alitaka kuona.

Hata hivyo mwanafunzi wangu wa kwanza nilimfundisha vibaya. Alikuwa na sauti ya besi, nami nikamwambia asikie mtetemo kwenye paji la uso, kwa kuwa mimi ndiko ninakousikia. Hakusikia kitu kwa wiki tatu na akaanza kujilaumu. Nilipompa mrija mwembamba avumishe wimbo kupitia humo, koo lililegea siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nakusihi usianze kufundisha sasa. Ukiijua sauti moja tu, utamlazimisha kila mtu awe wewe.

Kwa hiyo tafuta bendi inayohitaji mwitikiaji. Kila wimbo ulio daftarini urekodi hata kwa simu, uweke tarehe, halafu ukauandikishe kwenye ofisi ya hakimiliki. Sehemu ya kipato chako cha kwanza ipeleke kwa mwalimu wa sauti, na kama anakuumiza, mwache. Kufundisha kutakuja wenzako wa jukwaani watakapoanza kukuuliza umefanyaje.

Siku hizi naimba usiku mmoja kwa wiki, nafundisha siku nne, na asubuhi natunga. Nyimbo zote za bendi zimeshuka toni mbili. Mpiga gitaa alinishushia ndani ya dakika moja, siku nilipomwomba.