Maswali ya Wasomaji: Tuanze na Mchoraji Yupi?

SWALI: Nawasomesha nyumbani wanangu wawili, wa miaka 5 na 7. Nataka tuwe na kipindi cha kutazama picha za wachoraji wakubwa, ila majina ni mengi mno. Nianze na nani?
*Mama wa wawili, Arusha*

JIBU: Usianze na jina, mama. Anza na picha sita. Kama huzipati picha sita za mchoraji fulani ambazo mtoto wa miaka 5 anaweza kuzisimulia, mweke kando kwanza, hata awe maarufu vipi. Desturi ya picha sita kwa muhula imetoka kwa Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923. Muhula ukiwa wa wiki 12, kila picha inapata wiki mbili.

Kwa watoto wako tungemchagua Henry Ossawa Tanner, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1859 na kufia Paris mwaka 1937. Katika picha yake ya somo la banjo (1893), mzee amemweka mtoto mbele yake na kumfundisha kupiga ala hiyo ya nyuzi. Waulize mwanga unatoka wapi. Watagundua unatoka pande mbili: wa kushoto ni mweupe na wa baridi, wa kulia una wekundu wa moto. Ifuatishe na ile ya mzee na mtoto wakiomba kabla ya kula (1894), kisha kijana anayechonga viatu vya mti (1895), ambavyo watu wa Pwani wangeviita mitalawanda. Halafu Mariamu akipashwa habari (1898), ambamo malaika ni nguzo ya mwanga tu, hana mbawa. Watoto hubishana sana juu ya malaika huyo, nawe waache wabishane. Malizia na safari ya kukimbilia Misri (1923) na vilima vya mchanga vya Atlantic City jua likizama. Hapo una nyumba, kazi, dini na mandhari, na mkono ni wa mtu mmoja.

Mchanganyiko huo ndio unaokosekana kwa wengi. Mzazi huchukua picha sita za Monet, zote za yungiyungi bwawani. Mtoto husema "maua majini" wiki ya kwanza, na ya tatu hana jipya la kusema. Monet ni mchoraji mkubwa, ila akiletwa namna hiyo anachosha.

Muhula wa pili mlete Pieter Bruegel. Katika picha yake ya michezo ya watoto (1560) kuna watoto zaidi ya 200: wanaviringisha ringi, wanatembea kwa mironjo, na pembeni chini kushoto wanawake wawili wanarusha vifupa kama mdako wetu.

Kipindi chenyewe ni dakika 10. Watazame kimya dakika 2 au 3, geuza picha, mdogo aanze kusimulia, mkubwa aongeze, kisha ifunueni mwone mlichosahau. Mkubwa akitangulia, mdogo atarudia maneno yake tu. Nawe usieleze chochote kabla hawajasema. Mtoto akizoea kupewa jibu, macho yake huacha kutafuta.

SWALI: Wachoraji wa kwetu je? Nilifikiria Tingatinga.
*Baba, Morogoro*

JIBU: Vizuri sana, ila elewa unachonunua. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka michache tu, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Picha nyingi zinazouzwa leo kwa jina lake ni za waliomfuata. Basi chagua mchoraji mmoja aliye hai, mwenye saini, utazame kazi zake sita. Mkifika Dar es Salaam, nendeni kwenye ushirika wa wachoraji hao wa Tingatinga, Oysterbay, watoto waone kazi ikiendelea: usuli, yaani rangi ya nyuma, hupakwa kwanza na kuachwa ukauke, ndipo mnyama achorwe juu yake. Rangi ikiwa mbichi, mistari huchanganyika. Mtoto akiliona hilo mara moja, atatazama kwa makini zaidi. Nunueni hata kipande kidogo. Rangi ile inavyong'aa, karatasi haiwezi kuionyesha.

SWALI: Nikichapisha picha nyumbani inatoka nyeusi. Nitumie simu badala yake?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Simu hapana. Kioo ni kidogo, na watoto wawili wataishia kukigombania. Weusi unatokana na karatasi ya kawaida ya gramu 80, ambayo hunyonya wino. Picha zenye vivuli vingi, kama za mchoraji Rembrandt, ndizo huharibika zaidi. Peleka faili studio ya picha, wakuchapishie A4 kwenye karatasi ya picha. Faili iwe na takriban pikseli 2,480 kwa 3,508, la sivyo nyuso zitatoka na ukungu. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan ya New York yanatoa bure faili kubwa za picha zake nyingi za zamani. Ongeza mwanga kidogo kabla ya kuchapisha, na uchapishe moja ya majaribio kabla ya kulipia zote sita. Kisha itundike usawa wa macho ya mtoto, siyo ya kwako.