Andika asilimia kabla wingu halijapanda

Wadogo zangu mnaoanza zamu za utabiri hapa Dodoma, kuna jambo nililochelewa kujifunza. Ukishamaliza kusoma ramani za asubuhi, andika uwezekano wa ngurumo kali kwa namba, pamoja na saa uliyoandika, kwenye daftari lako mwenyewe. Andika kwa wino.

Mwaka wangu wa pili kazini, siku moja ya mwezi wa tatu, unyevu ulikuwa umeingia na upepo wa magharibi unaotoka Kongo, na jua lilichoma tangu saa tatu. Ila juu kulikuwa na tabaka la hewa ya joto lililofunika kila kitu kama mfuniko wa sufuria, na sikujua kama hewa ya chini ingeweza kulipenya. Moyoni niliona kama nafasi moja katika tatu. Kwenye taarifa nikaandika "mvua na ngurumo katika maeneo machache", maneno ambayo hakuna mtu angeweza kunishika nayo. Saa kumi mvua ya mawe ilipiga mashamba ya zabibu upande wa Mpunguzi. Baadaye mama mmoja mkulima aliniuliza, "Mwanangu, mlijua?" Angesikia hiyo moja katika tatu, alisema, angevuna zilizoiva asubuhi ileile. Nilikuwa najua kidogo, na hicho kidogo nilikificha. Bado kinaniuma.

Msidanganywe na hesabu ya siku mlizopatia. Mwaka 1884, John Finley wa jeshi la Marekani alikuwa akitabiri tonado, kile kimbunga chembamba kinachoning'inia kutoka winguni. Katika utabiri 2,803 alikuwa sahihi kwa asilimia 96.6. Wakosoaji wakakokotoa upya: angesema kila siku "hakuna tonado", angepata asilimia 98.2! Kati ya mara 100 alizotangaza hatari, tonado ilitokea mara 28. Sisi huku tuna Juni hadi Septemba, ambapo ukiandika "hakuna mvua" kila siku utapatia karibu siku zote, na hutakuwa umemsaidia yeyote.

Kwa hiyo mwisho wa Aprili fungua daftari, kusanya siku zote ulizoandika asilimia 30, uone ngurumo zilitokea ngapi. Zikiwa kama tatu katika kila kumi, namba zako zina uzito. Ikiwa ni moja tu, unatisha watu. Zikifika sita, unaogopa kusema. Siku moja peke yake haiwezi kukuhukumu, wala kukusifu.

Mwezi wa Novemba unahitaji macho ya pekee. Mvua ndiyo kwanza inaanza, hewa ya chini bado kavu na kitako cha wingu kiko juu sana. Matone yanakauka njiani, hewa inapoteza joto lake, inakuwa nzito na kuporomoka hadi chini, kisha inatawanyika kwa kasi. Kipimo cha mvua kinaweza kusoma milimita mbili huku mabati ya darasa yamelala barabarani. Anayetafuta milimita 50 tu ili aite hali mbaya ataikosa siku hiyo. Mimi huwa na namba ya mvua na namba ya upepo, kila moja mstari wake.

Angalizo letu hutenganisha uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Tafadhali msivichanganye. Ardhi ya Mpwapwa ikiwa imeshalowa, maji ya vilimani huteremka hadi kwenye reli kati ya Gulwe na Kidete. Hapo hata asilimia 20 inatosha kunyanyua simu mapema. Asilimia 20 hiyohiyo juu ya pori lisilo na mtu inaweza kusubiri.

Kuanzia saa saba mchana usiondoke kwenye picha za satelaiti, zinaingia kila baada ya dakika 15. Vilele vya mawingu vikizidi kupoa picha baada ya picha, mfuniko umepenywa. Panda kutoka 30 hadi 60, tangaza hivyo, na uandike namba mpya chini ya ile ya asubuhi bila kuifuta.